Miezi 11 ananipa mgongo: ni mchepuko, au ni maradhi?

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 37, mume wangu 46, tuna miaka 13 ya ndoa na watoto watatu. Tunaishi Morogoro, yeye ana karakana ya kuchomelea mageti. Tangu mtoto wetu wa mwisho afikishe miezi saba hajanigusa, leo ni miezi 11. Akipanda kitandani ananipa mgongo. Nikimsogelea anasema kachoka, au anajifanya kalala. Usiku anaamka mara tatu, mara nne, anasema anaenda chooni, nami najua anaenda kuongea na simu. Simu nimeipekua sijaona kitu, maana anafuta. Nikipika anakula sana lakini anakonda, mkanda ameshautoboa matundu mawili mapya, na shangazi anasema mwanaume akikonda hivyo ana mawazo ya mwanamke wa nje. Hata maji siku hizi analala na jagi lake pembeni, asije akaniomba mimi. Mwezi wa tatu nilikuta kipakiti cha vumbi la Kongo kwenye mfuko wa ovaroli, nikapata uhakika kwamba nguvu anazo ila si za kwangu. Kwa hasira nikamwambia, mbele ya mdogo wake, kwamba siku hizi yeye ni mwanaume wa kwenye cheti tu. Tangu siku hiyo hata salamu ni ya kuvuta. Ana presha, anatumia dawa tangu mwaka juzi. Hanipigi, hela ya matumizi anaacha, watoto anawapenda. Somo wangu anataka nirudi anifunde upya, dada yangu anataka twende kwa mganga. Mama, nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi. Nimepiga mstari chini ya mambo manne: kuamka usiku kwenda chooni, jagi la maji, matundu ya mkanda, na kula sana huku anakonda. Wewe umeyaandika kama ushahidi wa mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa muuguzi miaka mingi kabla sijaingia kwenye ushauri wa ndoa, na mtu akinitajia hayo manne kwa pamoja, kinachonijia kichwani kwanza ni sukari.

Ngoja nikueleze inavyokwenda. Sukari ikizidi kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote, nyingine inapita kwenye mkojo na inaondoka na maji mengi ya mwili. Ndiyo maana mtu anaamka mara nne usiku, na ndiyo maana kiu haimwishi. Jagi halikuwekwa pale kukukwepa wewe. Na kwa kuwa ile sukari haiingii kwenye misuli kumpa nguvu, mwili unaanza kujila wenyewe, mafuta na nyama. Anakula sahani mbili na mkanda bado unatobolewa. Hata ule uchovu anaokuambia, ambao wewe umeusikia kama kisingizio, unaweza kuwa uchovu wa kweli kabisa.

Sasa kitandani. Ili uume usimame, vimishipa vya damu lazima vipanuke damu ijae, na mishipa ya fahamu ndiyo inayotoa amri hiyo. Kisukari kinaharibu vyote viwili, polepole, bila kupiga kelele. Takriban nusu ya wanaume wenye kisukari wanapata shida ya nguvu za kiume, wengine kidogo, wengine sana. Tena mishipa ya damu ya uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2, wakati ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Kwa hiyo uchafu ukianza kuganda kwenye mishipa, kule kwenye chembamba ndiko kunakojulikana mapema, mara nyingi miaka kadhaa kabla moyo haujaanza kulalamika. Kwa mtu mwenye presha, miaka 46, hili si jambo la kulichukulia kama ugomvi wa chumbani tu. Linaweza kuwa taarifa ya mapema kuhusu moyo wake.

Sisemi ana kisukari. Barua haipimi damu. Nasema hayo manne yanatosha kumpeleka mtu akapimwe wiki hii, hata kama ndoa yenu ingekuwa ya asali tupu.

Halafu kuna kile kipakiti. Hapo ndipo nilipoumia kidogo nikisoma, kwa ajili yenu wote wawili. Umekiona ukasema nguvu anazo. Mwanangu, mwanaume ambaye mwili wake unamtii hana haja ya kusimama kwa muuza vumbi huku akiangalia nyuma kama kuna mtu anayemjua. Na alikificha wapi? Kwenye ovaroli, nguo ya kazini, mahali alipodhani mke hatapekua. Wanaume niliokaa nao kwa shida hii karibu wote walianzia huko: vumbi la Kongo, mizizi ya kuchemsha, kidonge kimoja kimoja cha kununua duka la dawa jioni. Wanajaribu kujitibu kimyakimya ili siku moja waingie chumbani wakiwa wamepona na mambo yasijadiliwe kamwe. Mimi nikikiona kile kipakiti naona mtu aliyekuwa anatafuta njia ya kurudi kwako.

Lakini lazima akiache. Dawa nyingi zinazouzwa kama za asili za kuongeza nguvu, zilipopimwa katika nchi mbalimbali, zilikutwa zimechanganywa na sildenafil, ile ile iliyomo kwenye Viagra, bila kuandikwa popote. Sildenafil yenyewe ni dawa nzuri, inatumika tangu mwaka 1998, na daktari anaweza kumwandikia kwa kipimo baada ya kuuangalia moyo wake. Shida ni kuinywa bila kujua umekunywa kiasi gani, ukiwa na presha na vidonge vyake. Na mtu anayetumia zile dawa za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, za kundi la naitreti, akichanganya na hiyo, presha inaweza kuporomoka hadi akafa.

Umetaja dawa za presha kama kwa kupita, lakini nazo nimeziwekea alama. Fungua daftari lake la kliniki uone majina. Baadhi ya dawa za zamani, kama atenolol na propranolol, na zile za kukojoza kama bendroflumethiazide na hydrochlorothiazide, kwa baadhi ya wanaume zinapunguza nguvu. Nyingine, kama losartan, zina sifa nzuri zaidi upande huo. Alianza mwaka juzi, na shida yenu ina karibu mwaka, kwa hiyo inawezekana dawa ina mchango wake. Ila hapa nakuomba kama mama yako: asiache hata kidonge kimoja kwa sababu ya maneno yangu. Dawa ya presha ikiachwa ghafla inaweza kuleta kiharusi. Amwambie daktari waziwazi, "Tangu nianze hizi dawa, chumbani sipo sawa," na daktari ndiye abadilishe. Madaktari wanasikia sentensi hiyo kila siku, na kubadilisha dawa ni jambo la dakika tano.

Kuna swali moja ambalo mke anaweza kulijibu kuliko daktari. Alfajiri, kabla hajaamka, mwili wake unasimama wenyewe? Kwa mwanaume mwenye afya hutokea mara nyingi bila yeye kujua wala kutaka. Kama bado unasimama vizuri alfajiri na unakataa usiku tu, mishipa yake huenda ni mizima, na tutaangalia zaidi kichwa: madeni, aibu, huzuni, ugomvi. Kama alfajiri nako kumenyamaza muda mrefu, hiyo inaelekeza kwenye mwili. Usimvizie wala usimpime kama askari. Wewe unalala naye, jibu pengine tayari unalo.

Nitoke kidogo kwenye mwili wake, nikuonyeshe ninavyozisoma ndoa, maana kuna wengine watasoma hapa na hali yao si kama yako. Wenzi wakija kwangu hawagusani, swali ninalotanguliza ni hili: kipi kiliondoka kwanza?

Kuna nyumba ambako mazungumzo ndiyo yanayoondoka kwanza. Watu wanabaki na "umelipa umeme?" na "mtoto ana homa." Kisha kicheko kinakwenda, kisha mkono wa begani, na kitanda kinakuja kuwa cha mwisho. Hapo ugonjwa umo kwenye uhusiano wenyewe, na hata ukimpa mwanaume dawa ya nguvu hutapata kitu, maana hakuna anayetaka kumsogelea mtu aliyeacha kuzungumza naye mwaka mzima.

Kuna nyumba nyingine kitanda ndicho kinachotangulia, na mengine yanafuata kwa aibu. Mwanaume ameshindwa mara moja, mara mbili. Mara ya tatu haji tena. Kisha anaanza kukwepa hata vile vidogo: hakai nawe kochi moja, hakushiki kiuno ukipita jikoni, anabaki na televisheni hadi asikie umekoroma. Ukidhani amekuchoka, unakosea. Anaogopa kwamba mkono wa begani utakuwa ahadi, na ahadi hiyo hataweza kuitimiza. Wewe mwenyewe umeandika kwamba salamu zilianza kuvuta baada ya lile neno lako. Kwa hiyo kwenu kitanda kilitangulia miezi mingi kabla ya maneno kukatika. Hiyo ni alama muhimu sana, na ni alama ya matumaini.

Na kuna nyumba ambako anayekwepa ni mke, kwa sababu anaumia. Niliwahi kupokea wenzi ambao mume alikuwa na hesabu yake kamili kwamba mke bado ana mawazo ya mchumba wake wa zamani. Miaka minne. Kumbe mama wa watu tangu alipojifungua na kushonwa, kila tendo lilikuwa kama kuguswa kidonda, na misuli ikawa inabana yenyewe hata kabla ya kuguswa. Hakusema, kwa sababu alifundwa kwamba mwanamke haonyeshi kuchoka wala kuumia. Alitibiwa, ikachukua miezi, na walipona. Mwanamke yeyote anayesoma hapa na anaumia wakati wa tendo: hiyo ina sababu, na nyingi zina tiba. Maambukizi, uke kukauka wakati wa kunyonyesha, uvimbe, makovu ya kushonwa au ya ukeketaji, misuli kubana. Usiuite ubaridi.

Nirudi kwako, na sasa nitasema jambo ambalo halitakufurahisha. Neno ulilomwambia mbele ya mdogo wake lilikuwa zito kuliko unavyolibeba. Umeliandika kwa mstari mmoja ukaendelea na presha. Hebu jiweke mahali pake. Mtu ana siri inayomla usiku, anajitibu kwa vumbi, anaomba Mungu pasiwe na anayejua, halafu siri hiyo inatangazwa na mkewe mbele ya mdogo wake wa kuzaliwa. Hata kama hukujua, na najua hukujua, umemchoma palepale.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, aliyewachunguza wenzi kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Aliwaweka wazungumze jambo wanalogombania huku wamefungwa vipimo vya mapigo ya moyo, kisha akawafuatilia kwa miaka. Alitaja tabia nne zinazobomoa: kumshambulia mtu badala ya kulisema jambo, dharau, kujitetea kila unapoambiwa kitu, na kunyamaza kama ukuta. Katika hizo nne, dharau ndiyo aliyoikuta inatabiri talaka kuliko zote. Nimeona hivyo hivyo katika chumba changu cha ushauri. Wenzi wanaopigana kelele kuhusu hela nawapa muda na wengi wanatoka salama. Wenzi ambao mmoja anamcheka mwenzake, anambetulia mdomo, anamwita si mwanaume au si mwanamke, hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Na huo ukimya wake wa sasa una maelezo pia. Gottman aliona kwamba wanaonyamaza kama ukuta wengi wao ni wanaume, na mara nyingi ndani ya ukuta ule moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Kwa nje unaona mtu asiyejali. Kwa ndani amefurika, haelewi tena unachomwambia. Ukimfuata chumba hadi chumba ukitaka jibu, unazidi kumfungia ndani. Anahitaji kama dakika 20 za kutulia kabla hamjaendelea.

Kuhusu simu sitasema mengi. Ila tazama ulivyojifungia mwenyewe: ukikuta kitu ni ushahidi, usipokuta ni ushahidi kwamba amefuta. Hapo hakuna jibu ambalo lingeweza kumwokoa. Nimekuwa na wanawake waliokaa ndani ya kisanduku hicho miaka.

Je, inawezekana ana mwanamke? Inawezekana. Mtu anaweza kuwa na kisukari na mchepuko kwa wakati mmoja, na mimi siwezi kumtoa hatiani kutoka huku nilipo. Wapo wanaume wenye shida ya nguvu wanaokwenda nje "kujijaribu," wakiamini kosa liko kwa mke. Ndiyo maana siku mtakapokwenda kupima, pimeni na virusi vya ukimwi, nyote wawili, kama sehemu ya vipimo vya afya. Lakini ninachokiona kwenye barua yako ni mwanaume anayelala nyumbani, anayeacha hela ya matumizi, anayekonda na mwenye kiu. Anza na hicho kilicho mbele ya macho yako. Lingine likithibitika, lina njia yake, kuanzia kwa wazee hadi Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida mnapitia kabla mahakama haijasikiliza talaka. Sioni kwamba umefika huko.

Umesema hakupigi, na nimefurahi umeliandika. Nayasema haya kwa ajili ya msomaji mwingine: kama kwako kuna kipigo, au unalazimishwa, au unanyang'anywa simu na hela, ushauri huu wa kuongea kwa upole haukuhusu. Sheria hiyo hiyo ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake, mila iseme nini. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu.

Sasa somo wako. Namheshimu, na nyumba nyingi zimesimama kwa mafunzo ya masomo na makungwi. Usafi, udi, shanga, lugha ya kumpokea mume, hayo yana thamani yake na mimi mwenyewe nilifundwa. Ila mafunzo yale yalitungwa kwa ajili ya mume mzima ambaye ashiki yake imelala tu na inahitaji kuamshwa. Udi haufungui mshipa ulioziba. Kibaya zaidi, ukitoka kwa somo ukajipamba, ukafukiza chumba, ukamsubiri, unakuwa umemwandalia mtihani ambao anajua atafeli. Usiku huo atalala karakana. Nenda kwa somo ukamsalimie, mafunzo yasubiri.

Kwa mganga sikushauri. Atakutajia adui, jirani au wifi, utatoka na chuki mpya na mfuko mtupu, na sukari itaendelea kupanda huku mkisubiri dawa ifanye kazi.

Na wewe je? Hukuniambia kama bado unanyonyesha, wala unatumia njia gani ya uzazi. Mwanamke anayenyonyesha homoni yake ya kike ya estrojeni hushuka, uke hukauka, hamu hupungua, hilo ni la kawaida. Baadhi ya wanawake kwenye sindano ya miezi mitatu nao husema hamu imekwenda. Naliuliza kwa sababu siku atakaporudi, huenda utashangaa kuona mwili wako haukimbilii kama ulivyofikiri. Usiogope. Mwaka 2000 daktari mmoja wa Kanada, Rosemary Basson, aliandika jambo ambalo wanawake wa kwetu walikuwa wanalijua bila kulipa jina: kwa wanawake wengi, hasa walio kwenye ndoa ndefu, hamu haitangulii. Unaanza na ukaribu, na kuguswa vizuri, hamu inakuja njiani. Mke anayesubiri ashikwe na hamu ndipo amkaribie mumewe anaweza kusubiri sana, na akadhani ameharibika.

Basi mazungumzo. Usiyafanye kitandani wala usiku. Usiyafanye mdogo wake akiwapo. Chagua Jumapili mchana, watoto wametoka, yeye ana kitu mkononi, labda anakaza bawaba ya mlango. Wanaume wengi wanaongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yasipokutana. Anza na kuomba radhi, na radhi iwe na jina la kosa. Kitu kama hiki: "Baba watoto, lile neno nililokwambia mbele ya mdogo wako lilikuwa baya. Nilikuwa na hasira, nikakuvunjia heshima. Naomba unisamehe, na kwa mdogo wako nitakwenda mwenyewe." Kisha nyamaza. Usiweke "lakini" baada ya hapo. Ukishaiweka, radhi imekwisha.

Kama hakujibu, sawa, mwache akaze bawaba yake. Ngoja siku moja au mbili. Ndipo uje na afya, peke yake, usiichanganye na kitanda: "Naona unaamka sana usiku na mkanda umetobolewa tena. Nina wasiwasi na sukari, maana presha na sukari ni ndugu. Twende tukapime, na mimi nipime." Sentensi ya mwisho ndiyo ufunguo. Mwanaume anayepelekwa hospitali kama gari bovu atakataa. Anayesindikizwa na mke anayepima naye ana njia ya kukubali bila kujishusha. Mkifika kwa daktari, mwachie nafasi aingie peke yake kwanza. Kuna mambo hawezi kuyasema ukiwa umekaa pembeni, hata kama unayajua.

Wakati majibu na tiba vinaendelea, kuna zoezi ambalo William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis walilifundisha tangu 1970, na hadi leo ndilo ninaloanza nalo kwa wenzi walioogopana. Mnakubaliana, kwa maneno, kwamba kwa wiki mbili tendo la ndoa limefungwa. Hata mwili ukiitika, hamfanyi. Kinachoruhusiwa ni kukandana mgongo, miguu, kichwa, kwa mafuta ya nazi, dakika 15 huyu na dakika 15 yule, na anayekandwa anasema tu hapa vizuri, hapa hapana. Watu wananicheka nikiwaambia, kisha wanarudi wamebadilika sura. Sababu yake ni nyepesi: mtihani umefutwa. Mkono wa begani haumdai mtu chochote tena, kwa hiyo unaweza kurudi begani. Kwenu ningependa mlifanye hata kama vipimo vitaonyesha sukari iko juu, kwa sababu dawa itashughulikia mishipa, na ile hofu iliyojengeka miezi 11 inahitaji kazi ya mikono yenu.

Akikataa kupima mara ya kwanza, usigombane, rudi baada ya wiki. Lakini akianza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu, mdomo kunuka kama tunda lililoiva sana, au kuwa kama amechanganyikiwa, hapo hakuna kubembelezana: hospitali saa hiyo hiyo.

Siku ya kupima mwende asubuhi mapema, hamjala kwa saa 8 au zaidi. Maji anaruhusiwa, na yeye atayahitaji. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita (mmol/L), ni kiwango cha kisukari, watairudia kuhakikisha. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, bado anaweza kurudi nyuma kwa chakula na mazoezi. Wakimpima ameshakula ikawa 11.1 au zaidi, pamoja na hizo dalili zake, daktari ataanza tiba bila kusubiri sana. Mwambie abebe daftari la presha na vidonge vyenyewe, na kile kipakiti kama bado kipo, daktari akione.

Usimwache afunge peke yake asubuhi hiyo, funga naye. Chemsha chai kabla hamjatoka, iweke kwenye chupa mwende nayo, mkitoka maabara mkainywe pale nje kwenye benchi. Sukari ibebe kando, usiitie kwenye chupa, hadi majibu yatoke.